Nilisema Bibi Yuko Tayari

Holtefoss, Jumatatu, 18 Mei 2026

Bibi mpendwa,

Leo ni tarehe kumi na nane Mei, siku moja baada ya sherehe, na kabla sijashika kalamu nimeapa kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonifanya nitamani kuingia chini ya meza nisitoke tena.

Kwanza salamu. U hali gani? Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Wanakutembeza kila siku kama daktari alivyoagiza? Sisi huku wazima. Kondoo nao wazima, watoto wao kumi na tisa wote wananyonya, na miguu yao imeshakuwa myekundu kwa udongo wa kilimani kama kila mwaka. Baba anakusalimu sana. Amesikitika kwamba kituo kimezuia wageni kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo. Ningependa kukuambia haya ana kwa ana, na simu unaijua mwenyewe: unasikia nusu, nusu nyingine unajijazia. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa kutoa hotuba ya wanafunzi siku ya taifa. Mwalimu Ingunn aliniambia, "Synne, zungumza juu ya kitu unachokijua. Usituletee maneno ya vitabuni." Nikaona ninachokijua ni kazi ya baba. Nikaandika kuhusu roboti wanaoundwa kiwandani kwake kule mjini Skien, jinsi kila mmoja alivyo na viungo zaidi ya ishirini, kila kiungo na mota yake, na kila mota na sumaku zake ndogo zenye nguvu ya ajabu. Nikaandika kwamba tunajisifu roboti wetu ni wa Norwei, lakini nguvu yote ya mikono yao inatoka kwenye madini ya China. China ilipozuia vibali vya kusafirisha sumaku mwezi wa Machi, kiwanda kilianza kunyamaza chumba baada ya chumba. Na sisi tunalala kila siku juu ya mwamba wenye madini hayo hayo.

Hadi hapo hotuba ilikuwa nzuri. Mwalimu Ingunn alikuwa ameisoma yote.

Kisha niliinua macho kutoka kwenye karatasi. Nikamwona baba amesimama karibu na bendi ya shule, amevaa suti yake, mikono mfukoni. Alikuwa akitazama viatu vyake. Tangu wampunguzie zamu amekuwa akitazama viatu. Basi nikasema jambo ambalo sikuliandika. Nilisema, "Bibi yangu Borghild, ambaye shamba lake liko katikati ya mwamba huo, yuko tayari kulitoa. Yeye anajua maana ya kuchangia. Kama yeye yuko tayari, sisi wengine tunangoja nini?"

Bibi, hukuwahi kuniambia neno kama hilo. Nalijua. Nililijua hata kabla sijafunga mdomo.

Watu walipiga makofi kuliko nilivyowahi kusikia. Mwenyekiti wa halmashauri alinishika mkono, mwandishi wa gazeti akanipiga picha. Jirani yako Oddvar hakupiga makofi. Alinijia penye meza ya aiskrimu, soseji mkononi, hajaiuma bado.

"Borghild kasema hayo lini?" akaniuliza.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema "hakusema." Niliona watu wawili watatu wananisikiliza wakitabasamu. Nikasema, "Majuzi."

Basi ni uongo wa mara mbili, na wa pili ndio mbaya zaidi, kwa sababu huo sikuweza kusingizia kwamba nilipatwa na msisimko. Sijalala vizuri. Nimemwambia baba ninaumwa kichwa. Naomba unisamehe, na uniambie nifanye nini.

Mjukuu wako,
Synne

*

Kituoni, Alhamisi, 21 Mei

Mjukuu wangu Synne,

Nimepokea barua yako, na gazeti pia limefika, kwa hiyo nimekuona na ile picha. Umefunga vizuri skafu ya vazi la jadi, ila kifungo cha mkono wa kushoto kimelegea. Mwambie baba yako akishone. Anajua kushona, anajifanya hajui.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Natembea na fremu ya kushikilia hadi chumba cha kulia na kurudi, na njiani natukana kimyakimya. Chakula ni samaki mweupe, viazi vyeupe, mchuzi mweupe, katika sahani nyeupe. Jibini letu la kahawia limekuwa ndiyo sikukuu.

Wana roboti hapa. Wagonjwa wamempa jina la Kåre. Kazi yake ilikuwa kutuinua kitandani asubuhi, na wanasema alikuwa na mikono mizuri kuliko ya muuguzi yeyote, hana haraka, hana baridi vidoleni. Lakini bega lake moja liliharibika kabla ya Pasaka na mota ya kubadilisha haipatikani. Wamemsimamisha pembeni ya korido, wamemfunika shuka. Jirani yangu wa chumba cha pili humwamkia kila siku akipita: "Habari za leo, Kåre, bado unangoja China?" Asubuhi tunainuliwa na wauguzi wawili wasichana wembamba, na migongo yao inalia kuliko wangu.

Kuhusu hotuba, nasikia ulisimama wima na ulisikika hadi nyuma. Vizuri. Kuhusu hayo mengine sina la kusema leo. Usihangaike nayo. Na usiende kwa Oddvar.

Wape kondoo chumvi.

Bibi yako,
Borghild

*

Holtefoss, Jumatano, 27 Mei

Bibi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mwendo umeongezeka. Chumvi nimewapa. Kifungo kimeshonwa. Baba alikishona vizuri sana akasema ni bahati tu.

Uliniambia nisihangaike, na nimejaribu. Lakini mambo yameharibika, na ni lazima ujue.

Jana nilikutana na Målfrid, mke wa Oddvar, dukani kwenye maziwa. Nilimwamkia. Akasema, "Oho, msemaji wetu wa taifa! Unanunua maziwa mwenyewe, hujapata bado roboti wa kukubebea?" Nilicheka kidogo kwa sababu sikujua la kufanya. Kisha uso wake ukabadilika, akasema polepole, "Oddvar katia saini, Synne. Ijumaa. Kanywa kahawa, kavaa shati safi, kaenda. Kasema Borghild akishaachia, yeye anashikilia nini, mkia wa ng'ombe?"

Nikamwambia sikujua kwamba Oddvar alikuwa akikungoja wewe. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba miaka mitatu iliyopita watu wa nyumba zote sita za kilimani mlikutana jikoni kwako mkashikana mikono: hakuna atakayetia saini peke yake na kampuni inayotaka kuuchimba mwamba. Wote pamoja au hakuna. Na kwamba wewe ndiye uliyeleta shauri hilo. Målfrid alisema, "Bibi yako alituambia, anayetaka kujitoa na aje kwanza atuambie usoni. Sasa tumeambiwa na mtoto, kwa kipaza sauti, mbele ya bendi."

Bibi, niliacha maziwa pale pale nikatoka.

Nyumba ya chini ya mto nayo imetia saini Jumatatu. Hizo ni mbili, zote kwa sababu ya neno langu.

Usiku ule ule nilimwambia baba ukweli. Alikuwa akila viazi. Aliweka uma chini, akasema, "Mimi niliwaombeni lini mniokoe?" Akasema kiwandani yamebaki masanduku kumi na moja ya sumaku, na kwamba hata wakianza kuchimba kesho, mwamba wetu hautatoa sumaku hata moja kabla mimi sijamaliza shule yote, na pengine chuo. "Ulidhani wanachimba leo, wanafunga begani kesho?" Nilidhani hivyo, Bibi. Karibu hivyo. Nimepata alama ya juu kabisa katika sayansi na nilidhani hivyo.

Sasa nimeamua, ila nataka ruhusa yako. Tarehe nne Juni, Alhamisi, kuna mkutano wa wananchi katika ukumbi wa michezo wa shule. Kampuni itakuwepo na ramani. Nataka kusimama niseme kwamba nilidanganya, kwamba hujawahi kukubali, na kwamba waliotia saini kwa ajili yako wafikiri upya. Kampuni imesema mtu anaweza kurudishiwa karatasi aliyotia saini kabla ya katikati ya Juni.

Nijibu kabla ya siku hiyo, tafadhali. Nisipopata jibu nitajua umeniachia nifanye kama ulivyonifundisha, na nitasema.

Mjukuu wako mwenye aibu,
Synne

*

Holtefoss, Ijumaa, 5 Juni

Bibi mpendwa,

Habari za huko? Nyonga haijambo? Nilingoja posta mpaka jana saa nane mchana. Hakukuwa na barua. Basi nilikwenda.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi za mazoezi za ukutani. Mama mmoja wa kampuni, mpole, mwenye nywele fupi, alionyesha ramani na kusema Ulaya haiwezi kuendelea kuunda mashine zake kwa kutegemea mlango ambao nchi nyingine inaweza kuufunga wakati wowote. Alisema kweli, naona. Hata nilichosema mimi kuhusu sumaku kilikuwa kweli. Ndiyo maana ni vigumu.

Walipoomba maswali niliinua mkono. Nikaenda mbele. Nilisema: "Naitwa Synne, mjukuu wa Borghild wa shamba la Lislegard. Siku ya taifa nilisema bibi yangu yuko tayari kutoa shamba. Hakuwahi kusema hivyo. Nilibuni. Na Oddvar aliponiuliza, nikabuni tena. Wale waliotia saini kwa sababu ya maneno yangu, nawaomba radhi."

Kisha mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Sasa tushike lipi, la siku ya bendera au la leo?" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Na baba yako akikosa kazi, utatulisha wewe?" Hapo hawakucheka. Niliona baba akiinuka na kutoka, na nikadhani nimempoteza yeye pia.

Halafu Oddvar akasimama. Unajua anavyosimama, kama anayeinua gunia. Alisema, "Mimi nina deni la maneno. Kwa wiki mbili nimemwita Borghild msaliti. Nimemwita hivyo mbele ya mke wangu, na mbele ya ng'ombe wangu wote, na wao hawawezi kunisahihisha. Leo mtoto huyu kanisahihisha. Namwomba Borghild msamaha hapa, na nitakwenda kumwomba huko aliko." Akamgeukia yule mama wa kampuni. "Karatasi yangu naitaka. Kesho asubuhi." Nyumba ya chini ya mto nayo ikasema inaitaka yake.

Yule mama wa kampuni alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Alifungua mdomo, akatazama makaratasi yake, akaufunga. Nilidhani ananionea huruma.

Målfrid alinikumbatia mlangoni hadi pini ya nywele ikanichoma. Wanasema tarehe ishirini na tatu, ukiwa umesharudi nyumbani, nyumba sita zitakutana tena, na wanataka wewe uwe msemaji wao kwa halmashauri. "Nani mwingine?" alisema Målfrid. "Ni yeye ambaye hakuyumba kamwe."

Baba alikuwa ndani ya gari. Niliingia nikafunga mkanda. Aliwasha gari, na tulipofika darajani akasema, "Yule aliyeuliza kama utawalisha, nitamwalika nyumbani. Aje aone unavyopika." Nilicheka huku nalia.

Bado naona aibu, Bibi, lakini ni aibu ninayoweza kutembea nayo. Leo asubuhi nilikula mikate mitatu. Nadhani mambo yanaweza kuwa mazuri tena.

Mjukuu wako,
Synne

*

Kituoni, Jumamosi, 30 Mei

Mjukuu wangu Synne,

Barua yako ilinifikia jana. Salamu zote nimezipokea, nami ni mzima wa mwili.

Usisimame kwenye mkutano huo. Nakuomba. Wala si kwa sababu utaniaibisha. Mimi nimekwisha kujiaibisha.

Ulichosema siku ya taifa ni kweli. Nilitia saini mwezi wa Februari. Si ruhusa ya kupima ardhi tu, ni kutoa shamba lote, wakilihitaji. Hakuna aliyenidanganya wala kunishurutisha. Nilipiga simu mwenyewe. Jioni moja niliona gari la baba yako limeingia uani, taa zikazimwa, naye hakushuka. Nilisimama dirishani nikamtazama mtoto wangu ameketi gizani ndani ya gari, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, anajipangia uso wa kuingia nao ndani. Walikuwa hawajazuia vibali bado, lakini uvumi ulishafika kiwandani. Alipoingia alisema, "Barabara ina barafu." Kesho yake nikapiga simu.

Wakaja watu wawili. Niliwapa kahawa. Nilitia saini kwenye meza ile ile niliyowashikisha watu mikono. Nikawaomba wanyamaze hadi kiangazi kipite, nao wakakubali. Nilijiambia nitakwenda kwa Oddvar wiki ile. Kisha wiki iliyofuata. Kisha ikaja tarehe ya upasuaji, na, Mungu anisamehe, nikafurahi. Siku nyingine nimetamani nyonga hii ichelewe kupona.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba umenisingizia, nilisoma mara nne. Wewe ulilia kwa kusema uongo, na haukuwa uongo. Mimi nilikujibu habari za samaki na viazi.

Tena kuna hili. Kila siku nampita Kåre na shuka lake. Nimejiuliza ile sumaku ya begani kwake ilichimbwa chini ya shamba la bibi gani huko China, na kama alikuwa na majirani, na kama aliwaambia. Miaka yote tulipokuwa tukinunua vitu hivyo sikuwahi kujiuliza. Nimejiuliza ilipofika zamu yangu.

Usinilinde. Na usimwambie mtu bado. Nipe muda.

Bibi yako,
Borghild

Alhamisi, 4 Juni, mchana. Barua hii imekaa chini ya mto wangu siku tano. Najua mkutano ni leo. Nilijua jana pia, na juzi. Sasa hivi nimempa muuguzi aipeleke posta, na najua haitawahi.

*

Holtefoss, Jumanne, 9 Juni

Bibi,

Sijui nianze vipi salamu. Natumaini u mzima. Namaanisha hivyo kweli.

Barua yako ya tarehe thelathini ilifika jana. Nimeisomea zizini kwa sababu nyumbani kuna kuta nyembamba. Baba hajaiona. Aliuliza, "Bibi kasemaje?" nikasema, "Anaendelea kutembea." Ni kweli, lakini unaona nilivyojibu. Nimejibu kama wewe.

Kwa saa nzima nilikasirika. Nilifikiri: aliniacha nisimame pale. Alikuwa na kalamu, alikuwa na bahasha, alijua siku. Nilisema mbele ya kijiji kizima kwamba nilidanganya, na kule kusema kwangu ndiko kulikuwa uongo. Yule mama wa kampuni alijua. Ndiyo maana alifungua mdomo akaufunga. Alikuwa ameshika saini yako katika makaratasi yale, akatimiza ahadi aliyokupa, wakati mimi nikiungama mbele yake.

Baadaye nilifikiri juu ya baba ndani ya gari, na wewe dirishani. Mimi nilimwona penye bendi, wewe ulimwona uani. Kila mmoja wetu alimwona akafanya jambo bila kumuuliza. Hasira ikapungua hapo. Haijaisha, lakini imepungua, na ninakupenda kama zamani. Nimeona ni bora niandike hilo waziwazi, maana naogopa usije ukadhani vingine ukalala na barua nyingine chini ya mto.

Sasa hali ni hii. Nyumba ya chini ya mto ilirudishiwa karatasi yake Ijumaa, na Oddvar ya kwake. Ameichana na kuwashia jiko, na Målfrid anamsimulia kila mtu dukani. Nyumba nyingine zote tano sasa hazina saini, zikikungoja wewe uziongoze. Jana jioni kiwanda kilitangaza kwamba zamu ya baba inasimama kabisa kuanzia Julai. Kwa hiyo siwezi hata kusema ulifanya vibaya kutia saini. Pengine hao wengine nao wangetia saini kama ungekwenda kwao Februari ukawaambia ulichokiona dirishani. Oddvar ana mtoto kiwandani pia. Pengine wangekataa. Lakini wangejua wanakataa nini na nani.

Wameondoa zuio la wageni. Oddvar atakuja kwako Jumapili, tarehe ishirini na moja, baada ya kukata majani. Målfrid ameshaanza kupanga keki atakayoleta, na amesisitiza niende nao kwenye gari, nikae katikati ya kiti cha nyuma na keki mapajani. Ni mwendo wa saa mbili na nusu. Atakuomba msamaha, Bibi. Atavua kofia na kukuomba msamaha.

Sitamwambia mtu chochote kabla ya kusikia kutoka kwako. Lakini wakiniuliza, sitasema uongo, na Målfrid ni mtu wa kuuliza. Mara mbili nimesimama mbele ya watu nikasema kwa jina lako bila kujua lililo moyoni mwako, na mara zote mbili nimekosea. Ya tatu siitaki, kwa hiyo safari hii ninakuuliza kwanza, na nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza, siku hiyo hiyo utakayoipata hii: je, utamwambia Oddvar wewe mwenyewe akiwa ameketi mbele yako, au unataka aingie chumbani kwako akiwa ameshajua kutoka kwangu?

Mjukuu wako,
Synne